Tapeli Alisoma Vizuri Kuliko Wote

Paul Körner, mpiga fidla mwenye jina, ameshika gazeti na anasoma tanzia. Mmoja amejiua, sababu haijulikani. Mwingine naye amejiua, na familia haielewi kilichomsibu. Habari zenyewe ni fupi na za adabu, zimeandikwa ili zisiseme kitu. Msomaji wa kawaida angesikitika kidogo na kufungua ukurasa wa pili. Körner anabaki palepale, kwa sababu yeye anajua kilichoachwa nje ya kila tangazo. Ni kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichomfunga mwanamume aliyelala na mwanamume mwenzake.

Ndivyo inavyoanza Anders als die Andern, yaani Tofauti na Wengine, filamu bubu iliyoonyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza Mei 1919. Iliongozwa na Richard Oswald, aliyeandika hadithi yake pamoja na daktari Magnus Hirschfeld, na daktari mwenyewe akaingia ndani ya filamu kuigiza daktari. Körner aliigizwa na Conrad Veidt, yule mrefu mwembamba ambaye mwaka uliofuata alijulikana Ulaya nzima kwa nafasi ya mtu atembeaye usingizini katika filamu ya Dkt. Caligari. Wanaoandika historia ya sinema huitaja kama filamu ya kwanza iliyotetea waziwazi wanaume wanaopenda wanaume. Sifa hiyo inastahili, ila imeifanya filamu iheshimiwe kuliko inavyotazamwa.

Tangu miaka ya 1980 imejengeka katika uhakiki wa sinema njia ya kuzirudia filamu za kale ukitafuta ndani yake mapenzi na miili iliyotoka nje ya mkondo wa mume na mke. Unatazama mkono uliokawia begani, jicho lililogeuzwa upesi, suruali iliyovaliwa na asiyetarajiwa kuivaa. Huo ndio usomaji wa kikwia (queer kwa Kiingereza), na filamu bubu ni shamba lake lenye rutuba, kwa kuwa humo karibu kila kitu kinasemwa na viungo vya mwili. Wanaoupinga husema ni mchezo wa wasomi wa leo wanaobandika mambo yao juu ya wafu. Wanaoushangilia nao huuona kama ugunduzi wa wasomi haohao. Pande zote mbili zimekosea tarehe. Ndani ya filamu hii ya 1919 wamo wasomaji wa namna hiyo kadhaa. Wote wanausoma mwili uleule, na karibu wote wanausoma sawasawa. Kinachowatenganisha ni wanachokifanya na walichokisoma.

Aliye hodari kuliko wote ni tapeli.

Jina lake ni Franz Bollek, aliyeigizwa na Reinhold Schünzel. Körner amempenda mwanafunzi wake wa fidla, kijana Kurt Sivers, na siku moja wanatembea bustanini wameshikana mikono. Watu wanapita na hakuna anayeona la ajabu. Bollek anawaona mara moja. Jicho lake limefundishwa na mahali palepale Körner alipojifunzia, kwa kuwa wawili hawa walikutana zamani kwenye dansi la mavazi ya kujigeuza, na Körner akamchukua akidhani amepata mwenzake. Bollek hana picha, barua wala shahidi. Anachokijua ni namna mtu anavyomwegemea mwingine anapotembea, na hicho kinamtosha kuanza kudai pesa za kufunga mdomo.

Hapa sheria yenyewe inahitaji kuelezwa, maana watazamaji wengi wa leo wanaikosea. Mahakama za Ujerumani hazikuadhibu mapenzi. Kwa tafsiri iliyokuwa ikitumika wakati ule, ili mtu apatikane na hatia chini ya kifungu cha 175 ilibidi uthibitishwe kufanyika kwa tendo linalofanana na kujamiiana. Kukumbatiana, kuandikiana barua tamu, kutembea mkono kwa mkono, hayo hayakuwa makosa. Wanawake hawakutajwa kabisa. Basi ushahidi ulikuwa mgumu kupatikana, na hukumu zilikuwa chache kuliko unavyoweza kudhani. Lakini sheria isiyothibitika kirahisi haiwi dhaifu. Inahama tu kutoka mahakamani na kwenda kwa yeyote mwenye uwezo wa kukutisha. Bollek hakuhitaji ushahidi wa tendo. Alihitaji hofu ya Körner, na hofu ilisomeka hata kutoka upande wa pili wa barabara. Polisi wa Berlin walilielewa hili vizuri. Tangu kabla ya vita walikuwa na kitengo kimoja kilichoshughulikia mambo mawili kwa pamoja, wanaume wanaopenda wanaume na matapeli wanaowatishia kuwaumbua. Hirschfeld, aliyekuwa akipigania kifungu hicho kifutwe tangu 1897, alikuwa amezikusanya kesi hizo za vitisho kwa miaka, na hadithi ya filamu imejengwa juu yake.

Tazama basi jinsi Veidt anavyomwigiza anayesomwa. Ana mwili mrefu, na anautumia kama mtu aliyeuazima. Akiwa na Kurt, mabega yanashuka, kichwa kinainama upande. Bollek akiingia chumbani, mgongo unanyooka kama unaitwa gwarideni. Hakuna busu katika vipande vilivyobaki, wala tendo lolote ambalo mwendesha mashtaka angeliandika. Kuna mabadiliko ya mgongo tu. Filamu za miaka ile zilicheza kwa ishara kubwa, mikono ikipaa na macho yakitokeza, na wengi hucheka wakizitazama leo. Veidt ana ishara kubwa za kutosha, lakini mapenzi ya Körner hayaishi katika hizo. Yako katika jinsi anavyoacha kuigiza anapobaki na kijana wake. Anayemtazama kwa makini anaona yote. Jambo lisilopendeza ni kwamba mimi na wewe, tunapoinamia kioo kulitafuta badiliko hilo la mgongo, tumekaa kwenye kiti cha Bollek.

Sisemi haya ili kuubeza usomaji huu. Nasema hauna usafi wa kuzaliwa nao, na waandishi wake wengi hujisahau.

Msomaji wa pili ni daktari. Hirschfeld anaonekana akitoa mhadhara, na nyuma yake zinapita slaidi za miili: wanaume wenye maumbile ya kike, wanawake wenye maumbile ya kiume, wengine wa katikati. Nadharia yake ilikuwa kwamba kati ya mwanamume kamili na mwanamke kamili kuna ngazi nyingi zisizo na idadi, na kwamba asili ndiyo iliyozipanga. Basi kumwadhibu mtu kwa ngazi aliyozaliwa nayo ni ujinga. Kwa hoja za kisheria za wakati ule ilikuwa silaha nzuri. Kama ni maumbile, si dhambi. Kama si dhambi, si jinai. Huu ndio mkakati ambao watetezi wa haki wameutumia tena na tena tangu hapo, na naelewa kwa nini.

Lakini slaidi ni slaidi. Mtu aliyesimama ndani yake amesimamishwa, ameelekezwa ageuke, amepigwa picha ili awe mfano wa kitu. Haongei na hana jina. Msamiati huu wa picha haukubuniwa kwa huruma. Sayansi ya Ujerumani ilikuwa ikiupima mwili wa binadamu duniani kote kwa rula na kamera, makoloni yakiwemo, na Pwani yetu haikubaki nje. Mwaka 1899 jarida la ethnolojia la Berlin, Zeitschrift für Ethnologie, lilichapisha maelezo mafupi kuhusu watu wa Zanzibar wenye mapenzi ya jinsia moja, yameandikwa kwa ubaridi uleule ambao mwandishi angeutumia kueleza aina ya kome. Maelezo hayo bado yananukuliwa leo na watu wanaotaka kuthibitisha kwamba mapenzi hayo yalikuwepo Unguja kabla ya wazungu kuyahubiri au kuyaharamisha. Yana faida hiyo, sikatai. Ila walioelezwa ndani yake hawakuulizwa wangependa kuelezwa vipi, na aliyewaeleza hakuwa upande wao wala dhidi yao. Alikuwa akijaza kabati. Hirschfeld, tofauti na huyo, alikuwa upande wa watu wake, naye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Bado alitumia kabati lilelile.

Ndiyo maana sehemu ya mhadhara imechakaa kuliko sehemu nyingine zote za filamu. Siilaumu kwa sayansi iliyopitwa na wakati. Ilichokosa ni kuuacha mwili ufanye kitu. Veidt akiinamisha kichwa anakueleza mengi kuhusu kupenda kwa hofu kuliko slaidi zote zile, na hakuna anayeweza kuuchukua mwinamo huo na kuuweka kwenye jedwali.

Historia nayo inasomwa mara mbili katika filamu hii. Nimekwisha kutaja tanzia. Baada ya hizo Körner anaona njozi: msafara usiokwisha wa watu wa nyakati na nchi mbalimbali, wafalme, washairi na wanamuziki, wakipita chini ya kifungu cha 175. Wamo Leonardo da Vinci, Tchaikovsky, Oscar Wilde, Frederick wa Pili wa Prussia, na Ludwig wa Pili wa Bavaria. Mtazamaji wa 1919 alijua alichokuwa akiambiwa. Hawa ndio mnaowajengea sanamu, na sheria yenu ingewafunga.

Kama hoja ya mahakamani, msafara huo una nguvu. Kama historia, ni mwepesi. Unamchukua mchoraji wa Florence wa karne ya 15, mfalme wa karne ya 18 na mwandishi aliyefungwa Uingereza mwaka 1895, unawavalisha mavazi ya maonyesho na kuwapanga foleni kana kwamba walikuwa ndugu wa ukoo mmoja. Wilde alihukumiwa, hilo liko kwenye rekodi. Frederick alioa, hakuzaa, akaishi zaidi na maofisa na wanafalsafa wake, na wanahistoria wameendelea kuvutana juu yake. Leonardo alishtakiwa ujanani na kesi ikafutwa. Vitu hivi havilingani. Na foleni ya wakubwa ina madai yaliyojificha, kwamba mtu anastahili kuachwa aishi kwa sababu alichora vizuri au alipiga vita vizuri. Je, yule kijana wa kwenye gazeti, aliyejiua bila sababu kutajwa na asiyeacha hata mchoro mmoja?

Kwangu usomaji mkuu wa historia uko pale kwenye gazeti. Körner hachukui jina la mtu na kulibandika cheo. Anasoma ukimya, anauliza ni nguvu gani iliyoufanya ukimya huo ufanane kila siku, na jibu analolipata linahusu sheria, halihusu maumbile ya marehemu. Hamjui hata mmoja kati yao na hadai kumjua.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikifanya kazi, nenda nyuma hadi mwisho wa 1894 au mwanzo wa 1895, kwenye studio ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey. W. K. L. Dickson, mtaalamu wake, anapiga fidla mbele ya baragumu kubwa la kunasia sauti, na pembeni wanaume wawili wameshikana wanacheza dansi. Kipande hakifiki nusu dakika. Lilikuwa jaribio la kuunganisha picha na sauti, lakini silinda ya sauti ilitengana na picha, na kwa miongo mingi ulimwengu ulikiona kipande hiki kikiwa kimya kabisa: wanaume wawili, mkono kiunoni, bila muziki unaosikika. Vito Russo alikitaja katika kitabu chake cha 1981 kuhusu mashoga na wasagaji katika sinema, na tangu hapo kimekuwa kama cheti cha kuzaliwa. Kwenye mitandao utakikuta kimepewa jina la "ndugu mashoga", jina ambalo halina msingi katika kumbukumbu za studio ile.

Tunachokijua ni kidogo. Studio ilihitaji kitu chenye mwendo kinachofuata mdundo, na waliokuwepo kazini walikuwa wanaume. Mabaharia walicheza dansi wao kwa wao, wachunga ng'ombe wa Marekani vilevile, na hakuna aliyefungua faili la polisi. Basi swali la kama wale wawili walikuwa wapenzi halina jibu na halitapata. La kuuliza ni kwa nini jambo ambalo fundi wa 1895 alilifanya mbele ya bosi wake bila kupepesa jicho linatufanya sisi tusimame na kuita wenzetu waje kuona. Kati yao na sisi kuna kitu kilibadilika katika namna wanaume wanavyoruhusiwa kugusana. Mabadiliko hayo yana historia, na sheria za aina ya kifungu cha 175 zimo ndani yake, pamoja na akina Bollek waliofundisha mji mzima kuogopa kushikana mikono bustanini.

Hali ni hiyohiyo kwa busu la Wings, filamu ya marubani ya William Wellman ya 1927 iliyopata tuzo ya kwanza ya Oscar ya filamu bora. Rubani anamkumbatia rafiki yake anayekufa na kumbusu karibu na mdomo, na tangu hapo watu wanabishana. Wengine wanasema ni mapenzi, wengine ni urafiki wa vitani. Mimi naona filamu yenyewe haikuona haja ya kuchagua, na ndio utamu wake. Yupo msichana aliyeandikiwa nafasi ya mpenzi, lakini mikono, machozi na muda wa kamera vimekwenda kwa wanaume wawili. Kulisema hilo hakuhitaji kumtangaza mtu yeyote kuwa chochote.

Tena mwili wa kwenye skrini haukiri. Louise Brooks, aliyeigiza Lulu katika filamu ya G. W. Pabst ya 1929 kuhusu mwanamke huyo na wanaomtamani, aliandika uzeeni jinsi tukio maarufu la dansi ya harusi lilivyopatikana. Countess Geschwitz anacheza na bibi harusi na kumtazama kwa uchu ambao wahakiki wameuandikia kurasa nyingi. Mwigizaji wake, Alice Roberts, kwa maelezo ya Brooks, hakutaka kabisa kumtazama mwanamke mwenzake hivyo. Pabst akasimama nje ya picha na kumwambia amtazame yeye. Uchu tunaouona ulielekezwa kwa mkurugenzi, kisha ukahamishwa kwa mkasi wa uhariri. Je, hilo linaharibu usomaji? Hata kidogo. Geschwitz anampenda Lulu. Roberts alikuwa kazini. Anayewachanganya hao wawili ndiye anayeishia kuwapekua waigizaji waliokufa kutafuta vyeti vya mapenzi yao.

Nimekaa sana na misiba, na Berlin ya wakati ule haikuwa misiba tu. Miezi michache kabla ya filamu ya Oswald, mwaka 1918, Ernst Lubitsch alitengeneza kichekesho kiitwacho Ich möchte kein Mann sein, Sitaki Kuwa Mwanamume. Ossi Oswalda ni binti anayevuta sigara, anacheza kamari na kumchosha mlezi wake. Anaamua kushonesha suti ya kiume ili atoke usiku kwa uhuru. Kwa mshonaji, mafundi wanagombania kumpima mpaka inabidi wamgawane viungo, huyu mkono, yule mguu. Ni kichekesho kizuri kuhusu upimaji wa mwili, na kinamjibu daktari wa slaidi kabla hajaanza mhadhara wake. Ossi anakwenda dansini, anakanyagwa, anasukumwa, anagundua kwamba kuwa mwanamume kuna taabu zake. Huko anakutana na mlezi wake. Wanalewa pamoja, wanapanda gari, wanabusiana njiani, tena zaidi ya mara moja. Mlezi anaamini anambusu kijana wa kiume. Asubuhi ukweli unafichuka, binti na mlezi wanaangukiana kama kawaida ya vichekesho, na hakuna anayerudi kumwuliza yule bwana kuhusu busu za usiku.

Hakuna anayemtishia wala anayekufa. Busu zilezile ambazo katika filamu ya Oswald zingemgharimu mtu maisha, hapa zimepita kwa sababu mwishoni mwili uliokuwa ndani ya suti uligeuka kuwa wa mwanamke. Unaweza kusema ni ujanja wa mkurugenzi kuikwepa sheria. Mimi naona pia ni picha sahihi ya mji ule, ambako jambo moja lilikuwa kaburi au kicheko kutegemea nani alikuwa akitazama.

Watazamaji wengine wakafika na kalamu nyekundu. Filamu ya Oswald iliwezekana kwa sababu mapinduzi ya Novemba 1918 yalikuwa yamefuta udhibiti wa serikali. Ilijaza kumbi, ikazua ghasia, na sehemu kubwa ya hasira iliyomwagwa juu yake ilikuwa chuki dhidi ya Wayahudi, maana Oswald na Hirschfeld wote walikuwa Wayahudi. Mei 1920 ikapitishwa sheria mpya ya filamu, na kabla ya mwaka kwisha filamu ikapigwa marufuku kwa umma. Bodi ya udhibiti ilisikiliza wataalamu wa akili, akiwemo Albert Moll, mpinzani wa muda mrefu wa Hirschfeld, ikaamua kwamba inaweza kuonyeshwa kwa madaktari na watu wa sayansi tu. Yaani filamu yenyewe ikageuzwa slaidi. Kazi iliyotengenezwa ili watu wa kawaida wamwone Körner kama mtu, ikafungiwa na wale ambao kazi yao ni kumwona kama mfano. Sijui kama Hirschfeld aliiona kejeli hiyo, maana yeye ndiye aliyewapa lugha.

Mwaka huohuo, baada ya mhadhara Munich, wahuni walimpiga Hirschfeld wakamwacha wakidhani amekufa. Magazeti yakatangaza kifo chake, naye akaipata bahati ya ajabu ya kusoma tanzia yake mwenyewe.

Mwaka 1927 alichukua takriban dakika 40 za filamu ile na kuzitia ndani ya filamu nyingine ya elimu, Gesetze der Liebe, Sheria za Mapenzi. Ni kwa njia hiyo ndefu kwamba tunacho kitu cha kutazama. Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi walivamia taasisi yake ya Berlin, na siku chache baadaye vitabu vyake vikachomwa uwanjani. Hirschfeld alikuwa nje ya nchi. Moto ule aliuona Paris, ukumbini, katika filamu ya habari. Alifariki Nice mwaka 1935, mwaka ambao Wanazi walikikaza kifungu cha 175 hata hitaji la kuthibitisha tendo likaondoka. Baada ya hapo mtazamo au mguso uliweza kumfunga mtu. Jicho la Bollek lilikuwa limepewa mamlaka ya serikali. Ujerumani Magharibi ilikiacha kifungu hicho kama Wanazi walivyokikaza hadi 1969, na mabaki yake yalifutwa 1994.

Kinachoonyeshwa leo kimeunganishwa kutokana na nakala iliyookolewa katika ghala la filamu la Urusi, pamoja na picha za mnato na maelezo yaliyochapishwa wakati ule, kwa kazi ya jumba la filamu la Munich na baadaye ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kuna mahali hadithi inakatika, kadi ya maandishi inakueleza kilichotokea, kisha Veidt anarudi akiwa amezeeka kwa huzuni ambayo hukuiona ikiingia. Warekebishaji wangeweza kuziba nyufa hizo kwa ufundi wa kisasa. Walifanya vyema kuziacha. Mahakama ndani ya hadithi inampa Bollek miaka 3 kwa utapeli wake na Körner wiki 1 kwa kosa lake. Hakimu anamhurumia, sheria haimruhusu kumwachia. Wiki 1 inatosha: maonyesho yanafutwa, marafiki wanakimbia, naye anakunywa sumu. Kurt anataka kumfuata, daktari anamzuia na kumwambia abaki hai apigane. Mkono unaingia na brashi na kukipiga mstari kifungu cha 175 kitabuni, miaka 75 kabla ya Bunge la Ujerumani kufanya hivyo.

Na Schünzel, yule aliyemwigiza Bollek kwa tabasamu la fedha taslimu, naye akawa mkurugenzi. Mwaka 1933, sauti ikiwa imekwisha kuingia na Hitler akiwa madarakani, alitengeneza Viktor und Viktoria, kichekesho cha msichana anayejifanya mwanamume anayeigiza mwanamke jukwaani. Bwana mmoja wa London anaigundua siri yake mapema. Haendi polisi wala hadai hata senti. Anajifanya hajui, anamtania, anaendelea kumtazama tu kwa raha. Mama yake Schünzel alikuwa Myahudi, kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwa kibali maalumu cha watu waliojua kusoma damu ya mtu kwenye karatasi. Mwaka 1937 akahamia Hollywood.